Ubao wa Kukandia Tambi

Nagyfüzes,
Jumapili baada ya mavuno ya zabibu, 1867

Kwako mdogo wangu Lídia,

Salamu zangu zikufikie huko Kolozsvár zikukute mzima, wewe na Ágnes wetu, ambaye nasikia sasa ananipita kimo na bado anachambua vitunguu kwenye sahani kama mtoto mdogo. Sisi huku nyumbani tu wazima, tunamshukuru Mungu. Goti langu la kushoto huniuma mvua ikikaribia, lakini silalamiki, maana linanijulisha mapema wakati wa kuanua nguo. Zabibu mwaka huu zimezaa mpaka mapipa yametushinda. Bibi Sára wa jikoni bado yu hai na bado anagombana na kila kiumbe, akiwemo jogoo. Hayo ndiyo ya nyumbani.

Barua yako niliipata. Mistari minne, Lídia! Bila salamu, bila hata kuuliza kama dada yako ni mzima au amekwisha kuzikwa. Umeniagiza nimwambie kaka yetu Boldi kwamba tangu siku alipoapa uwaziri mbele ya mfalme na kuvaa koti lenye nakshi za dhahabu, hana tena dada huko Kolozsvár. Umesema kiti alichokikalia kimesimama juu ya shingo ya mumeo. Niliisoma nimesimama, nikaketi, nikaisoma tena, nikaitia kwenye mfuko wa aproni. Sikujibu siku ile, maana ningekutukana. Unanijua: ulimi hauna mfupa, na wangu ndio kabisa.

Sasa hasira zimepoa. Ujumbe wako sijaufikisha, wala siufikishi. Badala yake nakuandikia mimi, na utanisikiliza mpaka mwisho, kwa sababu mimi ndiye niliyekufuta makamasi miaka ile mama alipokuwa kitandani. Ukimaliza kusoma, mkane kaka yako ukitaka. Lakini kwanza soma.

Nikukumbushe basi huyo unayemkana. Ni yule yule aliyekuwa akipanda juu ya beseni la kufulia kule bwawani, akiwahutubia mabata bukini: “Waheshimiwa wajumbe!” Mabata wakampigia kelele, naye hakushuka mpaka amalize hoja yake. Baba alikuwa akisema mtoto anayeweza kuwashinda mabata ya Nagyfüzes kwa maneno, bunge litakuwa mchezo kwake. Na unawakumbuka wale rafiki zake wawili, Gáspár wako na Menyhért wa Torda. Baba akiwaita mamajusi watatu, kwanza kwa sababu Gáspár, Menyhért na Boldizsár ndiyo majina ya wale mamajusi wa Bethlehemu, na pili kwa sababu hawakukosea kamwe njia ya kuja kwetu wakati wa chakula. Aliongeza kuwa hawa wetu hawaleti dhahabu wala uvumba, wanaleta njaa tu.

Mkoa ukamchagua Boldi kuwa mjumbe wake katika bunge la Pozsony akiwa bado hajui kufunga tai yake mwenyewe. Siku yake ya kwanza akasema Kihungari wakati wazee wote wanasema Kilatini, mzee mmoja akauliza kwa sauti kama kijana huyu ni mgonjwa. Baba alijivuna mpaka akamsimulia kila mchuuzi aliyepita barabarani. Kisha ikaja hoja ya kodi, na kujivuna kukaisha.

Hapo ulikuwepo, huwezi kuniambia umesahau. Boldi alisimama katika ukumbi wa mkoa akasema kwamba mwungwana naye alipe kodi kama anavyolipa mkulima. Basi! Wapinzani wake walikuwa wamechinja maksai wawili na kufungua mapipa kwa ajili ya wale waungwana wa makubazi, wale ambao uungwana wao wote ulikuwa kwenye hati ya ngozi ya babu yao, na miguuni hawana hata viatu, ila kodi hawajawahi kulipa hata krajcár moja. Wakaja na manyoya kwenye kofia na rungu mkononi, wamelewa tangu asubuhi, wanapiga kelele, “Hatulipi! Hatulipi!” Mmoja wao akamsogelea Boldi akamwuliza: “Wewe mtoto wa mama, nikilipa kodi mimi, tofauti yangu na mkulima itakuwa nini?” Na Boldi, ambaye hajawahi kujua wakati wa kunyamaza, akamjibu: “Hapatakuwa na tofauti, babu, ila yeye ana viatu.”

Rungu lile lilikuwa la kichwa cha Boldi. Gáspár ndiye aliyejitia katikati, likampata mdomoni, jino la mbele likakatika nusu kwa mshazari. Wewe ulimwosha damu kwa leso yako, naye akajaribu kukushukuru, kila neno likitoka na mluzi. Usinidanganye kwamba ulimpenda kwa ushujaa. Ulimpenda kwa mluzi ule, nilikuwepo, nilikuona unavyocheka na kulia kwa pamoja.

Na mkoa ulifanya nini? Ulimwandikia mjumbe wake agizo, kama ilivyo desturi yetu, kwamba aende Pozsony akaseme hapana kwa kodi. Mjumbe ni mdomo wa mkoa, husema alichotumwa. Wengine wengi walitumwa wasichokitaka wakakisema, wakarudi hotelini wakala bata wao. Boldi alisimama akasema kwamba mdomo ni wa mkoa lakini ulimi ni wake, akarudisha kiti kile, akapanda gari la farasi akarudi nyumbani kwenye theluji. Baba hakumsemesha mpaka theluji ilipoyeyuka. Vijana wa mkoa walimwita “Mheshimiwa Kabichi” kwa vile hakubakiwa na kazi ila bustani. Huyo ndiye mtu unayesema ameuza roho kwa ajili ya kiti, Lídia. Mtu aliyekwisha kukirudisha kiti!

Mwaka arobaini na nane ulipokuja wakamwita tena, na ile kodi ikapita, na wakulima wakawa huru, na mwungwana yule wa makubazi akaja mwenyewe hapa kwetu na chupa ya pombe ya plamu kuomba radhi kwa jino la Gáspár. Baada ya hapo ikawa vita na mfalme, na vita tukashindwa. Sina haja ya kukusimulia. Boldi alinyoa masharubu akavaa sketi ya Bibi Sára ili avuke mpaka, na Bibi Sára mpaka leo anaidai sketi yake. Alimwomba Gáspár waende wote. Gáspár hakwenda, kwa kuwa wewe ulikuwa na mimba ya Ágnes na hukuweza kusafiri. Alisema mwanamume hamwachi mke wake hivyo, askari wa mfalme wakamkamata hapo hapo mlangoni pako, wakaenda kumnyonga. Kosa si lako. Nimekuambia hivyo mara nyingi na leo nakuambia tena.

Sasa nije kwenye jambo ambalo sijawahi kukuambia, na nimelifurahia miaka yote hii peke yangu.

Ulipokuwa kitandani na maziwa yamekuletea homa, nilikwenda Pest kuomba mwili wa Gáspár. Uliniuliza niliporudi, nikakuambia wakubwa hawakuwepo. Uongo. Wakubwa walikuwepo. Kijana mmoja wa ofisini, uso laini kama wa mtoto, aliniambia bila kuinua macho: “Mama, mhaini hana kaburi.” Miaka miwili iliyofuata nikawa narudi mjini kila nilipopata nafasi, nikiuliza kwa huyu na yule, sikupata kitu. Ndipo siku moja nikaona watu wamekusanyika, nikasogea. Walikuwa wananyonga wale waliokimbia. Kwa kuwa watu wenyewe hawapo, walinyonga majina: kila mtu na ubao wake, jina limeandikwa kwa lami nyeusi, mnyongaji anayasoma kwa sauti kama dalali na kuzipigilia mbao kwenye mti wa kunyongea. Nikasikia, “Füzesi Boldizsár!” Machozi yakanitoka ingawa nilijua yuko London anakula viazi vya kuchemsha. Mwanamke mmoja mwuza pea aliyesimama kando yangu akaninong'oneza: “Usilie, mama. Heri unyongwe namna hii, jioni unakula chakula chako kama kawaida.”

Nikacheka, Lídia. Nikacheka mbele ya askari. Kisha zikanipanda hasira ambazo sijawahi kuzipata kabla wala baada. Nikasema moyoni: Gáspár wamenikatalia, lakini huyu siwaachii. Kulipokucha nikamtafuta msaidizi wa mnyongaji, nikampa ubavu mzima wa nguruwe aliyekaushwa kwa moshi, naye akanipa ubao wa Boldi, tena akanifungia kwa gunia. Ulikuwa ubao mzuri, mpana, laini, hauna fundo hata moja. Serikali haikufanya ubahili. Nikauleta nyumbani, nikaulaza jikoni upande wa jina chini, na tangu siku ile ndio ubao wangu wa kukandia tambi.

Ndiyo, ule ule! Tambi zote ulizokula hapa, za jibini na mafuta ya nguruwe, za kabichi, za mchuzi wa kuku siku za kuzaliwa za Ágnes, zimesukumwa mgongoni mwa hukumu ya kifo ya kaka yako. Yule kapteni wa askari wa mfalme waliyetupachikia nyumbani majira yote ya baridi alikula sahani tatu akasema tangu azaliwe hajala tambi laini vile. Nikamwambia, bwana kapteni, siri yote iko kwenye ubao.

Boldi aliporudi baada ya msamaha wa mfalme hakujua. Sikumwambia. Alikuwa amekonda, anashtuka mtu akibisha hodi, anapanda mizabibu na kusoma magazeti yaliyopitwa. Nilimwacha. Mpaka mwaka huu, miti ya plamu ilipochanua, akaja Menyhért, majusi wetu wa tatu, yule aliyebaki nchini akanyamaza, na sasa ni mtu mkubwa kule Buda. Usinung'unike, najua usivyompenda. Alikuja kumwambia Boldi kwamba mfalme amepatana na nchi, tutakuwa na serikali yetu wenyewe, na kiti kimoja cha uwaziri kimewekwa kwa jina lake.

Boldi alikataa. Nataka uyashike maneno yake, maana nilikuwa nimesimama pale na bakuli la supu. Alisema: “Menyhért, mimi nilinyongwa ubao. Gáspár alinyongwa shingo. Aliyenyongwa ubao anaweza kusamehe la kwake. La Gáspár nani kanipa ruhusa nilisamehe?” Menyhért akamweleza habari za mahakama, shule, reli, kwamba kama watu safi hawakai kwenye viti hivyo watakaa wezi. Boldi akatikisa kichwa. Mwisho Menyhért akasema, kwa upole kabisa, kwamba hata hivyo jina lake limekwisha kusafishwa.

Hapo nikashindwa. Nikasema, “Limesafishwa? Ngojeni kidogo.” Nikaenda jikoni nikaubeba ubao na unga wake, nikaupindua juu ya meza mbele yao. Unga wote ukammwagikia Menyhért kwenye suruali yake ya Buda. Na jina likaonekana, jeusi vile vile, halijafutika hata herufi. Boldi aliliangalia, akaniangalia mimi, akauliza, “Dada, ndizo tambi nilizokula miaka yote hii?” Nikamwambia ndizo. Alicheka mpaka akashika mbavu, na kicheko kikageuka kilio, nami sijawahi kumwona akilia tangu baba afe. Akataka nimsimulie. Nikamsimulia yote, mpaka yule kijana wa ofisini na neno lake la kwamba mhaini hana kaburi.

Akawa anapitisha kidole gumba juu ya lami. Kisha akamwambia Menyhért watoke nje, wakatembea kule chini ya miti ya plamu, muda mrefu, sikusikia neno. Waliporudi akasema amekubali.

Unafikiri nilimpigia makofi? Niliyasema yote uliyoniandikia, tena kwa mistari zaidi ya minne. Nilimwambia nitapiga pasi sanda kabla sijapiga pasi koti lile la dhahabu. Hakujitetea hata kidogo. Alisema tu, “Dada, nipe muda.” Bibi Sára ndiye aliyelipiga pasi, na akaliunguza kwenye mkono, safi sana.

Alipokuja mkoani kuomba kura, ukumbi ulikuwa ule ule, na wajukuu wa wale wa makubazi ndio waliojaa, sasa wana viatu. Kijana mmoja akapaza sauti: “Bwana Waziri, kamba ya mfalme haikukuachia alama shingoni?” Watu wakacheka. Boldi akafungua kola yake, akawaonyesha shingo nyeupe, akasema: “Mimi haikuniachia, kwa sababu ilimpata mwingine. Ndiyo maana nataka niwe mahali pale ambapo kamba hutolewa ruhusa, ili isitolewe tena.” Wakamchagua kwa kelele. Nilirudi nyumbani nimekasirika kidogo, maana jibu lilikuwa zuri na mimi nilikuwa bado sijaamua kumsamehe.

Sasa sikia, mdogo wangu, na ukae kitako.

Juma lililopita liliingia uani gari la ng'ombe, lile la kubebea mapipa. Mbele ameketi dereva, na nyuma juu ya majani makavu ameketi Menyhért, mtu mkubwa wa Buda, ana majani kwenye ndevu, na kando yake ameketi Boldi, waziri, ameshika kwa mikono miwili sanduku refu lililofunikwa blanketi la farasi ili lisitikisike. Wakashuka. Menyhért akavua kofia. Boldi akaniambia, “Dada, Gáspár amefika.”

Hiyo ndiyo bei, Lídia. Hayo ndiyo waliyozungumza chini ya miti ya plamu. Alimwambia Menyhért: sitaki ardhi, sitaki cheo cha baron, sitaki nishani. Nipeni mwili wa shemeji yangu, nitaapa. Wasiponipa, kiti nitakirudisha, na wanajua kwamba nimekwisha kurudisha kimoja. Wakakubali, kwa sharti kwamba pasiwe na hotuba wala gazeti. Wakachimba nyuma ya ukuta wa kambi ya askari kule Pest, pale aliponyongewa. Walikuwa wengi pale, Mungu awarehemu, wamelazwa bila mpango. Boldi aliingia mwenyewe shimoni, akamtafuta mmoja mmoja, mpaka akampata. Hakuna aliyemsaidia kumtambua na wala hakuhitaji. Jino la mbele, limekatika nusu, kwa mshazari. Lile rungu lililokuwa la kichwa cha Boldi.

Amenikataza nisikuambie. Aliposikia umeandika kwa hasira, hakuuliza umeandika nini. Alisema: “Asijue mpaka nife. Atadhani namlipa. Bora anichukie bure kuliko anisamehe kwa bei.” Niliapa kwamba nitanyamaza, na kama unavyoona sijanyamaza. Atanigombeza. Agombeze. Mtu aliyemficha kaka yake jikoni miaka yote ile chini ya pua ya kapteni hawezi kutishwa na waziri.

Bado hatujamzika. Yuko kanisani, mchungaji amefunga mlango na ufunguo ninao mimi, umening'inia shingoni ninapoandika. Mahali pake ni kando ya baba. Boldi amechimba kwa mikono yake, malengelenge yamemtoka, amekataa vibarua. Na kibao cha kaburini hakutaka kiwe cha jiwe kama cha mabwana, ametaka cha mbao kama cha wanakijiji wote. Aliingia jikoni, akaondoa unga, akaubeba ubao wangu bila hata kuomba. Nilipiga kelele, tambi nitakandia wapi! Akaniambia: “Kifo kilichoandikwa kwa jina langu alikibeba yeye. Ubao huu ni wake.” Seremala amechonga jina la Gáspár upande ule uliolainishwa na tambi zetu zote. Jina la Boldi liko nyuma, na lami imebaki ilivyo.

Nimenunua ubao mpya sokoni Debrecen. Haufai. Kila kitu kinanata.

Njoo na Ágnes. Barabara bado ni kavu, na goti langu linasema mvua haiji kabla ya wiki mbili. Koti lile la dhahabu hutaliona, limebaki Buda na kovu lake la pasi. Boldi utamkuta langoni, maana tangu sanduku lifike huenda langoni kila gari likisikika na kurudi. Ukitaka kumpita bila salamu, mpite, hatasema neno, mimi namjua. Lakini mpite kwa miguu yako mwenyewe, si kwa mistari minne.

Bibi Sára anakusalimu, anauliza kama kule Kolozsvár kuna sketi za bei nafuu. Mchungaji anakusalimu. Mbusu Ágnes kwenye paji la uso, mwambie baba yake alikuwa akipiga mluzi kila aliposema jina la mama yake.

Kaburi liko wazi na hatutalifunga bila wewe. Watu wote wa nyumba hii wamekwisha kurudi, Lídia. Umebaki wewe.

Dada yako asiyejua kunyamaza,
Fruzsina